Mtani Wako wa Barbados

Mpendwa mke wangu, Mama Rehema,

Kwa miaka ya mwisho ya ndoa yetu nilikuficha jambo moja: nilikuwa na wivu. Haukuwa wivu wa kijana anayepiga meza ngumi. Ulikuwa wivu wa mzee mwenye fimbo, aliyekaa kiti cha nyuma cha teksi huko Barbados, akikitazama kisogo cha dereva na kukichukia, huku akitabasamu.

Wewe uliwaambia watu kwamba mumeo ni mtu wa kujali usalama. "Baba Rehema akisafiri," ulisema, "hata kivuli chake anakifunga mkanda." Watu wakacheka, nami nikakuacha uamini hivyo. Ilikuwa rahisi kuitwa mwoga kuliko kuitwa mwenye wivu, hasa kwa umri wangu, na hasa kwa sababu ya aina ya mtu niliyemwonea wivu.

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti chako cha dirishani, hapa kwetu Acocks Green, Birmingham. Nimekaa hapa kwa sababu kitandani napumua kwa shida. Moyo umechoka. Zamani daktari alikuwa akisema "tutaona", siku hizi anasema "pumzika." Rehema hupita kila asubuhi kabla ya kazi, ananiuliza kwa Kiingereza nimelalaje, namjibu kwa Kiswahili, ananiwekea chai na kuondoka akikimbilia treni. Hajui ninaandika nini. Nimeamua iwe barua ya wazi, kwa sababu wako watu waliokaa sebuleni kwetu siku moja nitakayoifikia, na wao pia wana haki ya kusikia.

Unakumbuka tulivyoanza? Chuo cha ualimu, Tabora. Mimi Mzaramo niliyefika kutoka pwani na sanduku la bati, wewe Mnyamwezi wa pale pale, ukimsaidia shangazi yako jikoni kwa wanafunzi. Ulipita kwenye meza yetu, ukasimama, ukachukua kipande cha nyama kwenye sahani yangu na kukila mbele ya watu wote.

"Mzaramo," ulisema ukitafuna, "nyama ya Tabora ina nguvu, itakuua. Rudi kwenu ukale nazi."

Meza nzima ilicheka. Nami sikuweza kukasirika, maana Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Mtani anaweza kukutukana, kukunyang'anya kofia, kumwita mkeo mke wake katikati ya barabara. Ukifa, anakuja msibani kukusema ukiwa umelala kwenye sanda, na watu wanacheka na machozi yakiwatoka. Kazi yako ni kumjibu tu. Kesho yake niliiba mwiko wako mkubwa nikauingiza darasani, ukanifuata hadi mlangoni ukinitukana ukoo mzima. Watu waliona ni utani mtupu. Hata shangazi yako aliona hivyo, mpaka siku wazee wangu walipobisha hodi na posa.

Nakukumbusha haya kwa sababu moja. Utani unaweza kufika wapi, mimi ninajua. Nimefika huko kwa miguu yangu mwenyewe.

Halafu tulikuja Birmingham, na mimi nikanyamaza. Nilifundisha historia kwa watoto ambao hawakuweza kulitamka jina langu, nikajifunza kuvaa tai, kusema "tafadhali" na "samahani" hata jikoni kwangu. Wewe ulijaribu. "Mzaramo, hiyo tai siku moja utajinyongea," ulinichokoza mlangoni, nami nikajibu, "Mtoto anasikia." Ulijaribu mwaka huo, ukajaribu na mwingine. Kisha ukaacha, na ukaanza kuniita Baba Rehema tu, kwa adabu, kama mke wa mtu yeyote. Sikuiona siku ulipoacha. Niliona ukimya, nikauita heshima.

Safari ile ilitoka kwa Bi Pearl wa nyumba ya pili, Mbarbados aliyekuja hapa akiwa msichana. Nyumba ya marehemu dada yake kule kwao ilikuwa tupu, karibu na mji wa Oistins, na magoti yake hayakumruhusu tena kupanda ndege. "Nendeni nyinyi," alisema. "Ifungueni madirisha." Alitupa mafunzo kutoka ng'ambo ya uzio, ameuegemea kama mwalimu wa zamu.

"Teksi ya halali, namba yake inaanza na Z," alisema. "Haina mita. Patana bei kabla hujafunga mlango, na uulize ni dola za wapi, za kwetu au za Marekani. Gari la kukodi lina H. Kila mtu ataona kwamba nyinyi ni wageni, kwa hiyo msiache mkoba ndani. Kituo cha basi kimeandikwa kama linakwenda mjini au linatoka mjini, soma kwanza. Nguo za mabaka ya kijeshi msivae, sheria inakataza hata kwa mtoto. Na ufukweni mkiona mti umepakwa rangi nyekundu kwenye shina, msijifiche mvua chini yake. Maji yanayodondoka kwenye majani yake yanaunguza ngozi."

Mimi niliitikia kwa kichwa kila neno. Wewe ulikuwa unamenya machungwa.

"Na salamu," Bi Pearl alimalizia. "Ukiingia kwenye basi, salimia. Ukiingia dukani, salimia. Kwetu asiyesalimia haelekezwi njia."

"Basi huyu atapotea," ukasema, ukininyooshea kisu. "Tangu apande basi namba kumi na moja hapa Birmingham hajamsalimu mtu."

Bi Pearl alicheka mpaka akaushika uzio kwa mikono miwili.

Na kweli, asubuhi yetu ya kwanza kule tulisimama upande sahihi wa barabara, basi la bluu likaja, ukapanda ukatoa habari za asubuhi kwa sauti ile ile uliyokuwa ukiingia nayo kwa watu Tabora. Basi zima likaitikia. Mama mmoja akasogeza kikapu chake ukae. Mwanamume mwenye koti akauliza tunashukia wapi, akasema atatuambia tukifika. Mimi nilipita nyuma yako macho yakiwa sakafuni, nikitafuta kiti cha peke yangu kama ilivyo desturi ya hapa.

"Na huyo wa nyuma?" mama wa kikapu akauliza. "Hana mdomo?"

"Anao," ukajibu. "Ameuacha Uingereza, ulikuwa mzito."

Wivu ulinigusa mara ya kwanza hapo, na wala hapakuwa na mwanamume ndani yake. Niliwaonea wivu watu wa basi zima. Walikuwa wamekupata ndani ya vituo vichache, wewe ambaye mimi nilikuwa nimekupoteza ndani ya nyumba.

Kisha akaja Vernon. Bi Pearl ndiye aliyetupa namba yake: mjane, mrefu, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Alikuwa amestaafu kazi ya ofisini kwenye bima, akanunua gari na leseni ya teksi ili asishinde nyumbani akizungumza na picha ya mkewe. Alishuka, akatufungulia milango, akanitazama kichwani.

"Mzee," akasema, "kofia hiyo ivue kabla polisi hawajaja kukuvua."

Ilikuwa kofia ya mabaka ambayo mjukuu alinipa. Nilikuwa nimeitikia kwa kichwa kila neno la Bi Pearl, kisha nikavuka bahari nimeivaa hiyo hiyo.

"Mwalimu huyu amefaulu mitihani yote," ukamwambia Vernon, "isipokuwa ule uliofanyika uani kwetu wiki iliyopita." Mkacheka wote wawili. Nilikuwa sijakusikia ukinitania mbele ya mtu mgeni kwa miaka mingi, na badala ya kufurahi niliangalia nani anacheka nawe.

Siku ile alitupeleka kula. Walileta kile chakula chao cha unga wa mahindi uliosongwa pamoja na bamia, juu yake samaki wao wale wanaoruka. Ulikitazama kwa muda mrefu.

"Vernon," ukasema, "nani aliwafundisha kusonga ugali na bamia kwenye sufuria moja? Mlikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Aliacha kutafuna. Akanigeukia mimi. "Mkeo humtukana kila mtu anayemlisha?"

Nami nikafanya kosa langu. Ningeweza kusema samahani, yaishe. Lakini niliona amenigeukia mimi, nikatamani kuonekana mtu mwenye jambo la kusema. Nikamweleza utani. Nilimweleza kama darasani: kwamba wazee wetu walisimulia hivi, zamani Wanyamwezi wakibeba mizigo hadi pwani, walipita kwenye nchi za watu wasiowajua, hatari kila upande. Msafiri akifika ugenini, kwanza alitafuta mtani. Mtani alimtukana, kisha akampa chakula. Akamwonyesha njia salama. Na kama angefia njiani, mtani ndiye aliyemzika na kumpitisha hadi kwa waliotangulia.

Vernon aliweka uma chini. "Basi nyinyi mko hatarini," akasema. "Mmefika kisiwa hiki bila mtani. Nani atawapitisha salama?" Akanyoosha mkono, si kwangu, kwako. "Nichukueni mimi."

"Wewe? Mpika ugali na bamia?"

"Mimi. Kwetu samaki wana mbawa. Wa kwenu wanalala majini wakingoja kuvuliwa."

Ulipiga meza kwa kiganja mpaka vijiko vikaruka. "Baba Rehema! Huyu ni mtani kabisa!"

Mimi mwenyewe ndiye niliyempa lugha ya kukufikia. Kuanzia siku hiyo alikuita mke wangu. "Mke wangu, funga mkanda." "Mke wangu, huku magari yanapita kushoto kama kwenu, lakini mashimo yanapita popote." Mimi aliniita mlezi. "Mlezi, nakushukuru kwa kunitunzia mke wangu miaka yote hii, ingawa naona umempunguza kicheko." Alisema hivyo kwa utani, tena akinipigapiga bega, na nilicheka pamoja nanyi, kwa kuwa sheria ya utani niliifundisha mwenyewe. Mtani hakasirikiwi. Ningekasirika ningekuwa mtu mdogo mbele yako. Kwa hiyo niliumeza wivu wangu mbichi, asubuhi na jioni, kwa muda wote tuliokaa.

Ulihamia kiti cha mbele ili uone barabara. Nilibaki nyuma na fimbo yangu na mikoba. Siku moja alikinyakua kitambaa chako cha kichwa, kile cha kitenge cha kijani, akakifunga kwenye kioo cha gari. "Rehani," akasema, "mpaka utakapoomba radhi kwa bamia zetu." Hukuomba. Kitambaa kilibaki kule tulipoondoka, nawe ulikuwa ukijivunia jambo hilo. Hukukumbuka kwamba mimi ndiye niliyekununulia. Nilikikumbuka kila nilipokiona kikicheza mbele ya uso wake.

Halafu ile siku ya mvua. Tulikuwa ufukweni, wewe ukaona mti wenye kivuli kizuri, ukakimbilia. Niliiona rangi nyekundu kwenye shina. Niliiona kabla ya mtu mwingine yeyote, Mama Rehema. Nilifungua mdomo nikuite, nikakwama kama nilivyozoea kukwama, nikitafuta sauti ya kupiga kelele hadharani mzee kama mimi. Vernon akanipita mbio, akakukamata kifundo cha mkono, akakuvuta nje kwenye mvua.

"Mke wangu! Unataka kubabuka uso huo, kesho nikutambue kwa kipi?"

Mlisimama mkilowa, mkicheka, na hakuwa ameuachia mkono wako. Nilimshukuru. Nilisema maneno mazuri, ya kisomi. Lakini nilikuwa sitazami mti wala mvua wala ngozi yako iliyonusurika. Nilitazama vidole vyake.

Kesho yake nikaanza kanuni zangu. Nilikuambia tukae wote nyuma, eti mkanda wa mbele umelegea, wakati haukuwa umelegea. Nilisema tusiende Oistins siku ya Ijumaa watu wanapochoma samaki na kucheza muziki, kwa sababu ya giza. Taa zilikuwa zimewaka kila mahali na familia nzima nzima zilikuwa pale. Nilisema tusiende upande wa mashariki, kwa sababu mawimbi ya kule huvuta watu. Hilo lilikuwa kweli kwa mtu anayeogelea, lakini Vernon alitaka tukatazame tu kutoka juu kwenye majani. Nilisema tupande basi badala ya teksi, ni salama zaidi. Jambo lolote ambalo Bi Pearl alitufundisha kwa kututakia mema, niliongeza juu yake la kwangu, mpaka kisiwa kizima kikawa hatari.

"Unaniogopea sana siku hizi," uliniambia tukiwa kibarazani, miguu yako ndani ya beseni la maji.

"Ni usalama tu."

Ulinitazama kwa upendo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Ulirudi hapa ukamwambia Bi Pearl, "Alinilinda kama yai," naye akanisifu. Hakuna hata kanuni moja iliyokuwa kwa ajili ya ngozi yako au mfupa wako. Zote zilikuwa uzio.

Tuliporudi nilidhani mambo yatapoa, lakini Vernon alikuwa na namba yangu, kwa sababu simu yako ilikuwa ile ya vitufe. Kila Jumapili, Wasap. Ulikuwa ukija umekausha mikono kwenye aproni, unaichukua simu yangu mkononi mwangu kama kitu chako, unaanza: "Wewe mla bamia, bado unapumua?" Nami nikakaa ng'ambo ya meza, nikisikiliza kicheko ambacho kilikuwa changu kule Tabora. Ningeweza kuingia. Ningeweza kusema neno moja tu, "Mnyamwezi, rudisha simu yangu kabla hujaila kama nyama," nawe ungenigeukia kwa mshangao na labda kwa furaha. Niliyafikiria maneno hayo. Nilikuwa nayo mdomoni. Nikafungua gazeti.

Bi Pearl alifariki kiangazi kilichofuata. Siku kadhaa baada ya mazishi ulisema unataka kurudi Barbados mara moja tu, wewe na Rehema kama mimi sitaki. Miguu yako ilikuwa imeanza kuvimba na ngazi zilikuwa zinakushinda.

"Nataka niende kabla sijawa mtu wa kusukumwa," ulisema. "Nataka jua. Na nataka kumtukana mtu anayejua kutukanwa."

Nilikuambia kuhusu vimbunga. Ukasema Januari hakuna vimbunga, Vernon amekuambia. Nilikuambia kuhusu hospitali. Ukasema Vernon anajua daktari. Kila mlango niliofunga, jina lake liliufungua. Rehema akaanza kutafuta tikiti. Ulimpeleka mjini kununua viatu vya wazi wakati wa baridi, mkarudi mkicheka.

Jumapili moja ulitoka bafuni ukanikuta nimeshika simu.

"Amepiga?" ukauliza, na tayari ulikuwa umeunyoosha mkono.

"Vernon amefariki," nikasema. "Moyo. Ghafla tu."

Ulikaa kwenye kiti cha jikoni. Hukulia. Uliuliza nani aliyepiga, nikasema watu wake. Uliuliza watazika lini, nikasema wamekwisha kuzika. Ulitaka kuongea na ndugu yake, nikasema nimeshatoa rambirambi kwa niaba yetu sote na simu yao imezimwa. Uliuchukua mwiko, ukaurudisha. Kisha ukainuka, ukasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia Birmingham, "Mtani akifa, hawezi kupita kimya. Nipe simu nimpigie Mama Furaha."

Walikuja jioni ile ile. Mama Furaha kutoka Castle Vale, yule wa Bukavu, na Bi Halima, Msomali wetu wa Nairobi, kutoka Aston, na Rehema akarudi kutoka kwake. Uliwapikia ugali uliosongwa na bamia kwenye sufuria moja, wewe uliyeapa kwamba kitu hicho hakitaingia nyumbani kwako. Uliutenga katikati ya sebule. Kisha ukasimama, ukamsema marehemu.

"Vernon, mwizi wa kitambaa! Umekufa kwa aibu ya bamia, eti? Na hao samaki wako wenye mbawa, mbona hawakukubeba ukapona? Mwanamume gani anaoa mke wa mtu, halafu anamwacha mjane hata hajamlipia mahari?"

Mama Furaha alishika kifua. "Ee Mama Rehema, unamuchekelea mufu? Kwetu bangekufukuza!"

"Wallahi, nyinyi Watanzania mko na mambo," Bi Halima akasema, lakini naye alikuwa anacheka, akijifuta macho na ncha ya shungi. "Huyu mtu alikufanyia nini?"

"Alinipitisha salama," ukasema. Ndipo ukalia.

Rehema alinisogelea. "Dad," akaninong'oneza, "Mum alimpenda hivyo?" Nikamwambia ni mila. Watu wakanishika mkono, wakanipa pole mimi pia, nami nikapokea. Nilikula ule ugali. Nilikutazama ukiwa umesimama katikati ya zulia, umri ukiwa umekutoka, msichana yule yule wa Tabora. Na unajua nilichokuwa nikikiwaza? Nilikuwa nawaza: mimi nikifa, atanisema hivi? Atapata nini cha kunisema? Alivaa tai, alisema tafadhali. Nilimwonea wivu hata kifo. Nilidhani siku ile wivu wangu utakwisha, lakini ulikaa chini ukala pamoja nasi.

Hukuitaja tena Barbados. Rehema aliacha kutafuta tikiti. Vile viatu vya wazi uliviweka chini ya kitanda, navyo viko hapo mpaka leo, soli zake safi.

Mwaka uliofuata ulikuwa wa hospitali. Siku yako ya mwisho ilikuwa mchana, na jua la huku lilikuwa limejitahidi. Nilikuwa nimekushika mkono. Niliogopa, nawe uliiona hofu yangu kabla sijaisema, kama ulivyokuwa ukiyaona mambo yangu yote isipokuwa lile moja nililokuficha.

"Usiogope, Mzaramo," ulisema. Ulisema Mzaramo. Sijui ilikuwa miaka mingapi. "Huko ni ugenini tu. Mimi siendi peke yangu kama msafiri asiye na mtu. Mtani wangu ametangulia. Atakuwa amesimama pale mlangoni na kitambaa changu, anatukana." Ukatabasamu, na hata tabasamu hilo niliona linanipita begani kwenda kwake. Pumzi ilikuwa imebaki kidogo. Ukaniuliza, "Atanipokea, eti?"

Nikasema, "Ndiyo. Atakupokea."

Ukafumba macho bila wasiwasi wowote. Wauguzi walisema hawajaona mtu aliyekwenda kwa utulivu namna ile.

Sasa ni zamu yangu, na sitaki kufika nikiwa na tabasamu lile la kiti cha nyuma. Nakuaga, mke wangu, kwa maana ya kukukaribia. Ukinikasirikia nitakapofika, kasirika kabisa, kama mke, usinifanyie utani. Mama Furaha na Bi Halima, mlioacha nyumba zenu mkaja kula na kulia nasi, niwieni radhi. Rehema mwanangu, mama yako angevivaa vile viatu.

Najua ulimtafuta, Mama Rehema. Ulifika, ukatoa salamu kama ulivyozoea, ukaangaza macho umwone mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi. Hakuwepo. Hapakuwa na mtu wa kukutukana na kukuonyesha njia. Usimlaumu. Jumapili ile hawakupiga watu wake. Alipiga yeye mwenyewe, akauliza, "Mke wangu anafika lini?" nami nikakata simu na kuifunga namba yake. Vernon yuko hai.

Mumeo,
Baba Rehema